Baada ya uzamivu, mtaalamu wa modeli akae wapi?

Kati ya mwaka 2009 na 2014, watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika walishiriki kwenye jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S. Vituo vilikuwa 11, na vitano kati ya hivyo vilikuwa hapa kwetu: Bagamoyo na Korogwe kwa upande wa Tanzania, Kilifi, Siaya na Kombewa kwa upande wa Kenya. Mama alimbeba mtoto hadi kituoni, muuguzi akachoma sindano, mtu wa maabara akainamia darubini kutazama damu, karani akajaza fomu. Kazi hiyo ilirudiwa kwa miaka. Kisha likaja swali ambalo fomu peke yake hazina jibu lake: chanjo hii ikitolewa kwa mamilioni ya watoto, penye malaria nyingi na penye malaria kidogo, itaokoa maisha ya wangapi na kwa gharama gani? Hapo ndipo modeli za kihesabu huingia, yaani milinganyo na programu za kompyuta zinazoiga namna ugonjwa unavyoenea. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha ulinganisho wa modeli nne zilizotumia matokeo ya jaribio lile. Ya kwanza ilitoka Imperial College London, ya pili Swiss TPH, taasisi ya Uswisi ya afya ya nchi za joto, kule Basel, ya tatu Institute for Disease Modeling karibu na Seattle, Marekani, na ya nne GSK, watengenezaji wa chanjo yenyewe.

Sina ugomvi na ubora wa kazi ile. Ilikuwa miongoni mwa ushahidi uliokuwa mezani hadi Shirika la Afya Duniani likapendekeza, Oktoba 2021, chanjo hiyo itumike kwa upana. Ninachosema ni kwamba damu ilitoka Korogwe na Kilifi, lakini hakuna hata kundi moja kati ya yale manne lililokuwa na makao yake Afrika. Wapo wanaodhani sababu ni kwamba hatuna watu wa hesabu. Si kweli. Kila mwaka vyuo vyetu vinatoa vijana waliobobea katika hisabati, takwimu, famasia na baiolojia. Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni kipande kimoja cha safari ya mtafiti ambacho hatujakijenga: ile miaka mitatu hadi mitano inayofuata baada ya shahada ya uzamivu (PhD).

Mtu anayesoma uzamivu mara nyingi anajibu swali alilopewa na msimamizi wake. Ni miaka inayofuata ndiyo inayomfundisha kuuliza la kwake, kuandika ombi la fedha, kuongoza wengine, na kukosea mbele ya mtu anayejua zaidi. Kwa wanaounda modeli za magonjwa, miaka hiyo ina uzito wa ziada kwa sababu fani yenyewe imekaa katikati ya fani mbili. Daktari au mwanabaiolojia anatakiwa ajifunze milinganyo, takwimu za Bayes (njia ya kusahihisha makisio kila data mpya inapokuja), na kuandika programu ambazo mwenzake anaweza kuzisoma na kuzirudia. Mwanahisabati naye anatakiwa ajue kwa nini mtoto mwenye vimelea kwenye damu anaweza asiwe mgonjwa, na kwa nini idadi ya wagonjwa inayoripotiwa na zahanati inaweza kushuka mwezi ambao vipimo vimeisha na malaria iko palepale. Hakuna anayeyajua yote haya siku anapovaa joho.

Tumejaribu kuziba pengo hilo kwa warsha. Warsha za lugha za kuandikia programu, R na Python, za jenomu, za akili mnemba. Wiki moja Nairobi, wiki mbili Entebbe, vyeti mwishoni. Zina faida yake, na wapo waliopata mwanga wa kwanza humo. Lakini kozi ya wiki mbili inamfundisha mtu kutia uzi kwenye sindano. Fundi anatoka kwa kukaa na fundi. Kijana anarudi ofisini na kompyuta yenye programu mpya, hana wa kumuuliza matokeo yanapokataa, na baada ya miezi mitatu amerudi kwenye majukumu yake ya zamani.

Majukumu hayo, kwa aliyeajiriwa chuo kikuu, ni kufundisha. Ngazi za ajira zetu tunazijua: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Mtafiti wa baada ya uzamivu kwa kawaida anaishi ndani ya mradi wa mfadhili. Mradi ukifungwa, na cheo kimefungwa. Anayemaliza uzamivu anapandishwa kuwa mhadhiri, anakabidhiwa makozi matatu au manne, rundo la mitihani ya kusahihisha na wanafunzi wa miradi, na utafiti unabaki kuwa kazi ya usiku. Kenya ilipoweka, mwaka 2014, sharti kwamba wahadhiri wawe na uzamivu ndani ya miaka mitano, nia ilikuwa njema, ila ujumbe uliowafikia wengi ni kwamba uzamivu ni kibali cha kufundisha. Tanzania nayo, kupitia HEET, mradi wa elimu ya juu wa dola milioni 425 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, imepeleka wahadhiri wengi kusomea uzamili na uzamivu. Hao watarudi, wengine wamesharudi. Sijaona mpango wa wazi wa kitakachowapokea upande wa utafiti.

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani modeli ikitengenezwa Basel, mradi ni sahihi? Hesabu haina uraia. Nakubali kwamba haina, lakini modeli ya ugonjwa haijengwi kwa hesabu tupu. Ndani yake kuna makisio kuhusu watu: wanalala wapi, wanaamka saa ngapi, nani anabaki nyumbani na nani hawezi kubaki.

Chukua bonde la Kilombero. Msimu wa mpunga, familia nyingi huhama kijijini na kwenda kuishi shambani, kilomita nyingi kutoka nyumbani, wiki hadi miezi. Wanalala kwenye vibanda vya miti na nyasi ambavyo kuta zake zina mianya. Jioni wanapika nje na kula nje, na mbu wameshaamka. Modeli inayosoma takwimu za vyandarua kwa nyumba za kijijini itamhesabu mtu huyu kuwa analindwa, kwa sababu nyumbani kwake kuna chandarua kimening'inia juu ya kitanda kisicho na mtu. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyo bondeni humo, wamekwenda kwenye vibanda hivyo, wakapima hatari ya kuumwa na mbu kule shambani, na wakaandika pia kuhusu saa ambazo watu wako nje: kupika, misiba, harusi. Ukikaa Ifakara jambo hili halihitaji kugunduliwa, kila mtu analijua. Ukiwa na jedwali la data mbele yako London, unaona tu kaya ambayo haikujibu mlango ukaandika kwamba data imekosekana.

Kenya ilitupa mfano mwingine wakati wa korona. Watafiti wa KEMRI-Wellcome, mpango wa utafiti wa afya wenye makao Kilifi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Warwick walitaka kueleza kwa nini maambukizi yalikuja kwa mawimbi yaliyopishana. Walikuwa na vipimo vya PCR, vinavyotafuta virusi vyenyewe, walikuwa na uchunguzi wa kingamwili kwenye damu iliyochangwa kwa ajili ya wagonjwa, uliokwisha kuonyesha kwamba maambukizi yalikuwa mengi kuliko idadi iliyotangazwa. Modeli yao, iliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2021, iliwagawa wakazi wa mijini katika makundi mawili ya kipato. Wenye kipato kidogo, ambao hawawezi kukaa ndani kwa sababu wasipotoka hawali, waliambukizwa zaidi katika wimbi la kwanza la katikati ya mwaka 2020. Wenye uwezo walijifungia, wakapatwa zaidi masharti yalipolegezwa baadaye mwaka huohuo. Ukiisoma unaona kwamba nguvu ya kazi ile iko kwenye uamuzi wa kuwagawa watu hivyo, na uamuzi huo anaufanya kwa urahisi mtu anayeijua Nairobi ya mama wa mboga na Nairobi ya mfanyakazi wa ofisini. Warwick walileta hesabu nzito, nazo zilihitajika. Ushirika wa namna hiyo ndio ninaoutaka uwe kawaida.

Historia nayo inatudai kidogo. Ronald Ross aliandika milinganyo yake ya malaria mwanzoni mwa karne iliyopita, na miaka ya 1950 George Macdonald akaiendeleza, akaonyesha kwamba kinachoamua kuenea kwa malaria kuliko vyote ni urefu wa maisha ya mbu. Kimelea kinahitaji siku 10 hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Mbu anayekufa kabla ya hapo hana madhara. Lakini utajuaje umri wa mbu? Kaskazini mashariki mwa Tanzania, maeneo ya Muheza, watafiti wa mbu M. T. Gillies na mwenzake Wilkes walipasua mbu mmoja baada ya mwingine chini ya darubini, wakivuta vijiriba vya ovari na kuhesabu alama zinazobaki kila mbu anapotaga mayai. Walichapisha matokeo yao mwaka 1965, na takwimu zile bado zinatajwa na wanamodeli hadi leo. Kwa hiyo kwa zaidi ya nusu karne, mbu wa Muheza amekuwa akiingia kwenye milinganyo ya watu walio mbali.

Sasa tazama kinachofanyika Ifakara leo, kwenye taasisi iliyoanza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya Waswisi. Mbu anakaushwa, analazwa juu ya kioo kidogo cha almasi cha mashine ya spektra, anabanwa, anamulikwa kwa mwanga wa infraredi. Ganda lake na nta iliyo juu yake hunyonya mwanga kwa namna inayobadilika kadiri anavyozeeka. Mashine inatoa mstari wenye milima na mabonde, na programu iliyofunzwa kwa maelfu ya mbu wenye umri unaojulikana inausoma mstari ule na kukadiria umri. Mwaka 2019 Emmanuel Mwanga na wenzake walionyesha kwamba njia hiyohiyo, kwa msaada wa ujifunzaji wa mashine, inaweza kutambua damu iliyo tumboni mwa mbu: ya mtu, ng'ombe, mbuzi au kuku. Kazi hii imefanywa na Watanzania pamoja na wenzao wa Glasgow, na mifano ya aina hii ndiyo inayonifanya nikatae kabisa hoja kwamba Mwafrika ni mkusanya data tu. Kijana aliyeshika mbu kwa mkono wake, akamkausha, akamwingiza kwenye mashine na kuandika programu mwenyewe, anajua data inapodanganya. Anaikumbuka siku ambayo umeme ulikatika na sampuli zikapata unyevu.

Nafasi zipo, na ni haki kuzitaja. Kilifi, mpango wa KEMRI-Wellcome ulioanza mwaka 1989 umekuwa ukilea watafiti wa ngazi zote kupitia IDeAL, mmoja wa miradi 11 ya awamu ya kwanza ya DELTAS Africa, mpango wa kulea watafiti wa Afrika, iliyozinduliwa mwaka 2015 kwa dola milioni 100. Pale mtafiti wa modeli anakaa jirani na mfumo wa kuhesabu watu ulioanza mwaka 2000, unaofuatilia wakazi zaidi ya 250,000. Wahojaji wanapita nyumba kwa nyumba mara kadhaa kwa mwaka wakiandika aliyezaliwa, aliyefariki, aliyehama na aliyehamia, na mtoto akilazwa hospitali ya kaunti jina lake linaunganishwa na boma lao. Data ya namna hiyo ni adimu duniani. Stellenbosch kuna SACEMA, kituo cha modeli za magonjwa kilichoanza mwaka 2006. Mradi wa Ramani ya Malaria, ulioanzishwa mwaka 2005 na Simon Hay na Bob Snow na ambao makao yake yalihamia Perth, Australia, umefungua tawi la Afrika Mashariki na Kusini Dar es Salaam kwa kushirikiana na Ifakara. Kati ya wanaoliongoza ni Dk. Susan Rumisha, mwanatakwimu Mtanzania aliyetokea NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Hilo ndilo tukio lililonitia moyo kuliko mengi, kwa sababu kazi imesogea kuelekea kwenye ugonjwa.

Kwa fedha za mtu binafsi, tuzo ya Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, kwa watafiti wachanga inalipa mshahara na hadi pauni 400,000 za gharama za utafiti, kwa kawaida kwa miaka 5, na mwombaji anaweza kukaa kwenye taasisi ya nchi yake. Huo ni muda wa kutosha kumjenga mtu. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya uko wazi kwa uraia wowote, lakini ni wa hadi miaka 2 kwa ule wa kukaa Ulaya, na sharti lake ni kuhama: usiwe umeishi nchi unayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia. Unafungua mlango mzuri wa kutoka. Wa kurudi utautafuta mwenyewe.

Tatizo la fedha hizi zote ni kwamba ufunguo wake hauko kwetu, na mwaka 2025 ulituonyesha maana yake. Mpango wa DHS, wa tafiti za kaya kuhusu watu na afya, uliokuwa ukifadhiliwa na serikali ya Marekani tangu mwaka 1984 na ambao karibu kila ramani ya vifo vya watoto Afrika imeegemea juu yake, ulisimamishwa mwezi Februari. Baadaye Gates Foundation ilitoa fedha za muda ili tafiti zilizokuwa njiani zikamilike. Tarehe 1 Mei, NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, ikatangaza kwamba haitatoa ruzuku, ziwe mpya au za kuendeleza zilizopo, zenye mafungu yanayopitishwa kwa taasisi za nje ya Marekani mpaka utaratibu mpya uwe tayari. Mafungu hayo yamelipa mishahara ya vijana wengi Kampala, Kisumu, Moshi na Mwanza. NIH hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha DS-I Africa, mpango wa sayansi ya data kwa afya ambao ruzuku zake za kwanza zilitolewa mwaka 2021, zikifikia kama dola milioni 74.5 kwa miaka mitano. Mtu aliyekuwa katikati ya mkataba wake hakuwa amekosa lolote. Uamuzi ulifanyika Washington, naye akausikia kwenye barua pepe.

Siwezi kuwalaumu wafadhili kwa kuacha kulipa kitu ambacho sisi wenyewe hatujawahi kukilipia. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya Kenya ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya mfuko wa utafiti. Viongozi wa Afrika waliazimia asilimia 1 tangu mkutano wa Khartoum mwaka 2006. Hakuna nchi ya ukanda wetu iliyofika huko, na sitarajii ifike bajeti ijayo. Ila utafiti wa modeli ni kati ya tafiti za bei nafuu kabisa katika sayansi ya tiba. Hauhitaji maabara ya kiwango cha juu cha usalama wala majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Unahitaji mtu, mshahara wake, kompyuta nzuri, muda kwenye seva, intaneti isiyokatika, na mkubwa wa fani wa kumwongoza. Kama kuna sehemu ambayo serikali inaweza kuanza na fedha kidogo ikaona matunda, ni hii.

Ningependa COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, kupitia mfuko wake wa MTUSATE, na mwenzake wa Kenya, Mfuko wa Taifa wa Utafiti, watangaze nafasi chache za baada ya uzamivu, hata 10 kwa mwaka, za miaka 4 kila moja, zenye mshahara usiopungua wa mhadhiri na sharti kwamba mwenye nafasi asipewe zaidi ya kozi moja ya kufundisha. Nafasi hizo ziwekwe penye data: Ifakara, Kilifi, NIMR Mwanza, Entebbe kwa upande wa Uganda. Tume za vyuo vikuu nazo zikitambue cheo hiki kwenye miundo ya utumishi, miaka hiyo ihesabike kwenye pensheni na kwenye kupanda daraja, kwa sababu kijana mwenye watoto wawili hawezi kukubali kazi ambayo mwajiri wa kesho ataiona kama pengo. Na wizara za afya ziwafungulie watafiti hawa takwimu za mifumo ya wagonjwa kwa utaratibu unaoheshimu sheria za faragha tulizonazo, ile ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Kuna watafiti wazawa wanaosubiri kibali cha data ya nchi yao kwa muda mrefu kiasi kwamba mkataba unaisha kabla ya kuifungua.

Kwa dada au kaka ambaye barua ya kukubaliwa Ulaya au Marekani iko mezani, nenda. Sitamwambia mtu akatae miaka mitatu pembeni ya wanaoijua kazi. Lakini kabla ya kusaini, uliza kwa maandishi mambo ambayo wenyeji wako huyajadili wao kwa wao bila aibu: swali la utafiti ni la nani, wewe au msimamizi? Ukiondoka, utaondoka na programu ulizoandika? Data ya nyumbani uliyoifanyia kazi utaendelea kuipata ukiwa Dodoma au Eldoret, au akaunti yako inafungwa siku ya mwisho ya mkataba? Kuna fedha za kukaa miezi kadhaa kwa mwaka kwenye kituo kilichokusanya data hiyo? Na makala ya mwisho, ile inayobeba wazo lenyewe, jina la mwandishi mwandamizi litakuwa la nani? Msimamizi mzuri atayajibu haya kwa mkao mmoja. Anayeyakwepa, muulize aliyekuwa kwenye nafasi hiyo kabla yako yuko wapi sasa, na anafanya kazi na data ya nani.